Kusadikiwa na Kusadikika: Utungaji wa Kisasili Kipya katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Wataalamu wa fasihi ya Kiswahili wamefanya kazi kubwa ya kukusanya, kuainisha na kuchambua visasili. Kazi hiyo imezaa vitabu vya kiada, tasnifu na mijadala mingi kuhusu mipaka ya tanzu. Hata hivyo, kuna upande mmoja wa suala hili ambao haujapata nafasi inayostahili katika vyumba vya mihadhara, nao ni upande wa utungaji. Mwanafunzi hufundishwa namna ya kukitambua kisasili. Ni nadra kufundishwa namna ya kukitunga.

Matokeo yake huonekana pale mwanafunzi wa utunzi anapoambiwa aandike kisasili chake mwenyewe. Mara nyingi huleta moja kati ya mambo mawili. Ama huandika upya hadithi aliyoisikia kwa wazee, akabadilisha majina ya wanyama, akaiita yake. Ama huleta miungu ya Wayunani waliovikwa kanzu, mmoja wa bahari, mmoja wa radi, mmoja wa mapenzi, wakipigana angani kwa sababu ambazo hazimhusu mtu yeyote aliye hai. Katika hali ya kwanza hakuna utungaji. Katika hali ya pili hakuna kisasili.

Jambo hili si dogo. Lugha inayotumiwa kuhifadhi visasili tu, bila kuvitunga, huanza kuwa makumbusho ya wasemaji wake. Wasemaji wa Kiswahili hawajaacha kuuliza maswali yale yale yaliyozaa visasili vya kale: kwa nini kifo kipo, kwa nini ndugu hugombana, kwa nini bahari huja na kurudi. Endapo maswali hayo yatajibiwa kwa Kiswahili katika masimulizi ya jana peke yake, basi Kiswahili kitakuwa kimeachia lugha nyingine kazi ya kuwazia mianzo.

Mhadhara huu unakusudia kueleza misingi ya kutunga kisasili kipya kwa Kiswahili. Hoja yake kuu ni kwamba kisasili cha jadi husadikiwa, ilhali kisasili kipya hakina budi kusadikika. Na kwamba tofauti kati ya vitenzi hivyo viwili, inayobebwa na kiambishi kimoja, ndiyo inayomwonesha mtunzi kazi yake.

2.0 Je, Kisasili Chaweza Kutungwa?

Neno lenyewe kisasili limeundwa kwa kuunganisha kisa na asili, kama vile kisakale lilivyoundwa kwa kuunganisha kisa na kale. Kisasili, kwa hiyo, ni kisa cha asili ya jambo: jinsi ulimwengu, watu, mauti, mila au umbile fulani la viumbe lilivyoanza. Katika makala yake ya 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, iliyochapishwa katika jarida la Mulika namba 21, M. M. Mulokozi aliviweka visasili katika kundi la salua, yaani masimulizi ya kihistoria au yanayosimuliwa kana kwamba ni ya kihistoria, mbali na ngano ambazo fanani na hadhira hujua kuwa ni za kubuni.

Uainishaji huo una maana nzito kwa mtunzi. Ngano hujitangaza. Fanani anapoita "Paukwa!" na hadhira ikaitika "Pakawa!", pande zote mbili zimefanya mapatano kwamba yatakayofuata ni ya kubuni. Kisasili hakina mapatano hayo. Msimulizi wa kisasili hasemi kwamba atabuni. Anasema jinsi ilivyokuwa. Hapa ndipo linapozuka tatizo la kinadharia: iwapo sifa ya kisasili ni kusimuliwa kama kweli, mtu mmoja, anayejulikana kwa jina, aliyeketi mezani na kalamu jana jioni, anawezaje kukitunga?

Jibu limo katika mofolojia ya lugha yenyewe. Kitenzi sadiki kinaweza kunyambuliwa katika kauli ya kutendwa kikawa sadikiwa, na katika kauli ya kutendeka kikawa sadikika. Kauli ya kwanza hueleza tendo lililofanywa na watu: kuna jamii inayokisadiki kisa hicho. Kauli ya pili haidai kwamba kuna mtu yeyote aliyekwisha kusadiki. Hueleza uwezo au sifa iliyo katika kitu chenyewe. Kitabu kilichosomwa kimepata msomaji. Kitabu kinachosomeka kimeandikwa vizuri, hata kama bado kiko sandukuni. Vivyo hivyo, kusadikiwa ni zawadi ambayo jamii hukipa kisa baada ya vizazi vingi, na hakuna mtunzi awezaye kujipa. Kusadikika ni kazi ya mtunzi.

Shaaban Robert alilielewa jambo hili zaidi ya nusu karne iliyopita. Alipotunga nchi iliyowekwa angani na kuchapisha habari zake mwaka 1951, hakuiita Kusadikiwa, aliiita Kusadikika. Jina hilo linakiri kwamba nchi hiyo ni ya kubuni, na papo hapo linamwomba msomaji akubali kuipima kwa kipimo cha uwezekano. Baada yake walikuja watunzi waliochota kwa wingi katika hazina ya kisasili: Euphrase Kezilahabi katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), Said Ahmed Mohamed katika Babu Alipofufuka (2001), na Kyallo Wadi Wamitila katika Bina-Adamu! (2002). Njia, basi, imekwisha kulimwa. Kilichobaki ni kuieleza kwa namna ambayo anayejifunza anaweza kuifuata.

3.0 Nguzo za Kisasili Kinachosadikika

3.1 Swali

Kisasili hakianzi na mhusika wala na ulimwengu wa ajabu. Huanza na swali, na swali hilo lazima liwe la kweli kwa maana kwamba kuna watu wanaoishi nalo. Mtunzi anayeanza kwa kubuni miungu kumi na mbili na kuichorea nasaba huwa amejenga nyumba kabla ya kujua atakayelala humo.

Mfano mzuri unapatikana katika pwani yenyewe. Historia ya Kilwa, katika matini zake za Kiarabu na za Kiswahili, husimulia kwamba Mshirazi aliyefika kisiwani alikinunua kwa nguo, kwa kiasi cha kukizungushia kisiwa chote. Muuzaji akahamia bara, akiwa na nia ya kurudi na kukitwaa kisiwa kwa nguvu wakati wa maji kupwa, kwa kuwa siku hizo mtu aliweza kuvuka kwa miguu. Mnunuzi akauzuia mpango huo: katika matini ya Kiarabu kwa kukichimba kivuko, na katika masimulizi ya Kiswahili kwa kisomo na kafara, hata maji yakajaa na hayakupwa tena kiasi cha kuvukika. Kisa hiki kimesimama kati ya kisakale na kisasili, lakini swali lake liko wazi: kwa nini kisiwa hiki ni kisiwa, na kwa haki gani waliomo wamo? Ni swali la jiografia na la umiliki kwa wakati mmoja. Lisingeulizwa na watu wa milimani. Liliulizwa na watu ambao maisha yao yalitegemea nguo, biashara na kina cha maji.

3.2 Alama

Nguzo ya pili ni alama. Kisasili huacha nyuma yake kitu ambacho msikilizaji anaweza kwenda kukitazama. Wazulu husimulia kwamba kinyonga alitumwa na uNkulunkulu kuwapelekea wanadamu habari kwamba hawatakufa. Akakawia njiani akila matunda ya mwituni. Nyuma yake akatumwa mjusi na habari za mauti, akafika kwanza. Visa vinavyofanana na hicho hupatikana katika jamii nyingine nyingi za Kibantu. Aliyekisikia kisa hiki hawezi tena kumtazama kinyonga akitikisika juu ya tawi, akinyanyua mguu na kusita kuuweka, bila kukumbuka. Mwendo wa kinyonga umekuwa ushahidi.

Alama ndiyo inayokifanya kisa kisadikike bila hoja. Msimulizi hathibitishi chochote, anaelekeza kidole. Kwa hiyo mtunzi hana budi kuwa mtazamaji mwangalifu wa vitu kabla ya kuwa mbunifu wa matukio. Anayetaka kutunga kisasili cha mti fulani aende akauone mti huo: gome lake, mahali anapoota, anavyozaa, majirani zake. Umbile lisilo la kawaida, ambalo halina maelezo mepesi kwa macho, ndilo ghala la kisasili. Alama ya kubuni, kama vile mlima wa fuwele ambao hakuna aliyewahi kuuona, haishuhudii lolote.

3.3 Gharama

Nguzo ya tatu, ambayo husahauliwa kuliko zote, ni gharama. Ulimwengu katika kisasili haukuwa kama ulivyo bure. Kuna aliyelipa.

Waganda husimulia kwamba Kintu na mkewe Nambi walipoondoka mbinguni kwa baba yake Nambi, Gulu, walionywa wasirudi nyuma kwa sababu yoyote, wasije wakafuatwa na Walumbe, nduguye Nambi. Njiani ikakumbukwa kwamba ulezi wa kulishia kuku umesahauliwa. Wakarudiwa ulezi, Walumbe akafuata. Jina lake lina mzizi mmoja na olumbe, neno la Kiganda linalohusu kifo na msiba. Baadaye Kayikuzi, ndugu mwingine ambaye jina lake humaanisha mchimbaji, akatumwa amkamate. Watu wakaamriwa wanyamaze. Watoto wakamwona Walumbe, wakapiga kelele, naye akazama ardhini huko Tanda. Kifo kikabaki duniani.

Yapo mambo mawili ya kujifunza hapa. La kwanza ni kwamba kosa lilikuwa dogo, tena la kinyumbani. Halikuwa uasi wa malaika. Lilikuwa chakula cha kuku. Kila mwenye nyumba amewahi kurudia kitu alichokisahau. Wepesi wa kosa ukilinganishwa na uzito wa matokeo ndio unaomfanya msikilizaji ahisi kwamba mauti hayakustahiliwa, na hisia hiyo ndiyo ukweli wa kisa. La pili ni kwamba nafasi ya kukomboa ilikuwapo, ikapotea kwa kelele za watoto, yaani kwa kitu ambacho hakuna mzazi awezaye kukilaumu kwa moyo mzima. Mtunzi anayetafuta gharama na ajiulize: nani alilipa, alilipa nini, na je, malipo hayo yalikuwa ya haki? Ikiwa kila mtu katika kisa alipata alichostahili, mtunzi ameandika hadithi ya adili, hakuandika kisasili.

3.4 Majina

Majina yanahitaji tahadhari. Katika Kiswahili cha leo neno Mungu husomwa na Mwislamu na Mkristo kwa imani kamili, na wingi wake, miungu, hubeba harufu ya ibada za sanamu au ya vitabu vilivyotafsiriwa. Mtunzi anayeandika "mungu wa bahari" hajapata mhusika. Amepata neno linalomrudisha msomaji kwenye ramani ya nchi nyingine. Njia iliyo salama zaidi, na iliyo karibu zaidi na mazoea ya masimulizi ya Kiafrika, ni kuviacha vitu vyenyewe vitende kwa majina yake: Bahari, Nchi, Jua, Njaa. Inapohitajika kubuni jina, Kiswahili kina utajiri wa kuunda majina kutokana na vitenzi na nomino za kawaida, na msomaji huyaelewa bila tanbihi. Waziri Majivuno wa Kusadikika hahitaji kufafanuliwa.

4.0 Sarufi ya Kisasili

Kisasili kina sarufi yake, na Kiswahili kimeijalia vifaa ambavyo mtunzi akivitumia vibaya kisa huvunjika hata kama fikra yake ni nzuri.

Kifaa cha kwanza ni uhusiano wa -li- na -ka-. Kiambishi -li- huweka tukio katika wakati uliopita. Kiambishi -ka- huendeleza mfululizo, kila tendo likikanyaga kisigino cha lililotangulia. Katika kisasili, -ka- ndiye mchukuzi wa mzigo. Mtunzi anayetumia -li- katika kila kitenzi hutoa orodha ya matukio. Anayeachia -ka- itembee hutoa usababishi bila kutaja neno "kwa sababu". Kusema "alirudi, akafuatwa" tayari ni kusema kwamba alifuatwa kwa kuwa alirudi.

Kifaa cha pili ni hu- ya mazoea. Hiki ndicho kilele cha kisasili. Kiambishi hu- hakibebi njeo wala kiambishi cha nafsi. Hueleza jambo lisilo na tarehe. Kisa kinaposafiri kwa -ka- hadi mwisho, kisha kikageuka ghafla kwa maneno "ndiyo maana hadi leo" na kitenzi chenye hu-, tukio moja la zamani limekuwa kanuni ya siku zote. Mgeuko huo utokee mara moja tu, tena mwishoni. Mtunzi anayetumia hu- mapema hutoa siri yake kabla ya wakati.

Kifaa cha tatu ni upatanisho wa ngeli. Mti, kisarufi, ni wa ngeli ya U-I: mkoko ulianguka. Katika wakati wa kisasili, mti unaposema na kuamua, huweza kuchukua upatanisho wa A-WA: Mkoko akasema. Mpito kutoka A kurudi U ndio mpito kutoka ulimwengu wa mwanzo kuja ulimwengu wa leo. Hapa tena hu- ina msaada wa pekee, kwa kuwa haichukui kiambishi cha nafsi. Katika sentensi "mkoko humshika mtoto wake", kitenzi hakimlazimishi msikilizaji kuamua kama mkoko ni mtu au ni mti. Sarufi imeuacha mlango wazi kwa pande zote mbili.

Hatimaye, mtunzi aepuke maneno ya kujikinga: inasemekana, kana kwamba, eti. Maneno hayo yana mahali pake katika utafiti. Katika kisasili humtoa msimulizi ndani ya kisa na kumsimamisha mlangoni akiomba radhi.

5.0 Mfano wa Rasimu Mbili

Ili misingi hii isibaki hewani, inafaa kuichukua alama moja na kuitungia kisa. Mkoko unajulikana na kila mkazi wa mwambao. Umeota pale ambapo miti mingine haiwezi, mizizi yake imeinuka juu ya tope kama miguu iliyotanuka, na mbegu yake huchipua ikiwa bado inaning'inia kwa mama yake, kisha hudondoka na kuchoma tope kwa ncha. Boriti zake, kutoka delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu, zimebeba dari za nyumba za mwambao na zimesafirishwa kwa majahazi hadi nchi za Ghuba. Ni mti wenye maumbile yanayouliza swali.

Rasimu ya kwanza ni ya aina inayopatikana kwa urahisi:

Hapo zamani za kale, mungu wa bahari, aliyekaa katika kasri la lulu, aligombana na mungu wa nchi kavu kwa ajili ya binti mzuri. Walipigana kwa muda wa siku saba kwa radi na mawimbi. Hatimaye mungu wa nchi kavu alishinda na alipanda mikoko ufukweni ili iwe ukuta wake. Hadithi hii inatufundisha kutunza mazingira.

Kasoro zake zinaonekana. Mwanzo wake ni wa ngano. Ugomvi wake hauna uhusiano na mkoko. Binti huyo angeweza kuzaa mlima au mto vilevile. Alama za mti, yaani mizizi na mbegu, hazikuguswa. Mkoko haukulipa chochote, kwa kuwa haukuulizwa chochote. Na sentensi ya mwisho imekifunga kisa kwa kufuli, ikamwachia msomaji agizo.

Rasimu ya pili inaanza na swali: kwa nini mkoko husimama pale, na kwa nini huzaa hivyo?

Bahari na Nchi walikuwa hawana mpaka. Bahari alipotaka kutembea alitembea, akalala juu ya mashamba. Nchi alipotaka kujinyoosha alijinyoosha, akawafukia samaki wakiwa hai. Wakachoka kudaiana. Wakapiga mstari, lakini kulipokucha mstari haukuwapo, na kila mmoja akamwambia mwenzake, "Wewe ndiwe uliyeufuta." Wakatafuta shahidi.

Wakamwendea Mbuyu. Mbuyu akasema, "Mwili wangu mkubwa. Nikianguka nitamwangukia mmoja wenu, naye atasema nimependelea." Wakamwendea Mnazi. Mnazi akasema, "Nitakuja," akaja. Alipoonja chumvi akarudi nyuma hatua kumi, akasimama hapo, akawa anachungulia tu. Wakamwendea Mkoko, aliyekuwa akikaa bondeni kando ya mto, mizizi yake imefunikwa vizuri na watoto wake wamemzunguka. Mkoko akauliza, "Nikikataa?" Wakamwambia, "Ugomvi wetu utafika hapa ulipo." Mkoko akaenda.

Alipofika, Nchi akamwambia, "Ukinywa maji yake utakuwa mtu wake." Bahari akamwambia, "Ukizika mizizi yako kwake utakuwa mtu wake." Mkoko akanywa maji, akaikataa chumvi. Akatia ncha za mizizi topeni, akaiacha iliyobaki nje, ili asiwepo wa kusema kwamba ameficha kitu.

Msimu ulipofika akadondosha mbegu zake kama alivyozoea bondeni. Jioni Bahari akaja akazichukua. Mkoko akasema, "Hao ni wanangu." Bahari akajibu, "Kilichoanguka mpakani hakina mwenyewe." Mkoko akamgeukia Nchi. Nchi akasema, "Mimi sikuona. Shahidi ni wewe." Mkoko akataka kusema, akakumbuka kwamba shahidi hashuhudii katika shauri lake mwenyewe. Akanyamaza.

Ndiyo maana hadi leo mkoko humshika mtoto wake mtini mpaka aote mguu, ndipo humwachia, naye huanguka akiwa amesimama. Na Bahari huja mara mbili kila siku kutazama kama shahidi yupo. Akimkuta, hurudi.

Rasimu hii haina mungu wala vita. Imejengwa juu ya mambo yanayoonekana: mizizi iliyo nje, mbegu inayochipua juu ya mti, mnazi ulioinama kuelekea maji, maji yanayojaa na kupwa mara mbili kwa siku. Ugomvi wake ni ule wa majirani wawili na mpaka wa shamba, jambo linalojulikana katika kila baraza la wazee. Gharama imelipwa na asiyekuwa na hatia, tena kwa sababu ya uadilifu wake: mkoko ungeupuuza ushahidi, ungepata kuwatetea watoto wake. Matumizi ya hu- yamewekwa mwishoni peke yake.

Muhimu zaidi ni lile ambalo halikusemwa. Kisa kinamalizika kwa sharti: akimkuta, hurudi. Sharti la pili, la siku ambayo Bahari hatamkuta, limeachwa kwa msomaji. Mkazi wa mahali ambapo mikoko imekatwa na maji ya chumvi yameingia mashambani hahitaji kuambiwa. Rasimu ya kwanza ilifundisha kutunza mazingira na hakuna atakayeikumbuka. Rasimu ya pili haikufundisha lolote, lakini anayepita mikokoni baada ya kuisoma atatazama mizizi kwa jicho jingine.

6.0 Mipaka ya Mtunzi

Uwezo wa kufanya kisa kisadikike una hatari zake, nazo ni mbili.

Hatari ya kwanza ni kughushi. Mtunzi anayetunga kisa na kukitanguliza kwa maneno "wazee wa pwani husimulia kwamba" amevuka mpaka wa sanaa akaingia katika udanganyifu. Athari yake si ya kinadharia. Kisa cha namna hiyo kikichapishwa, mtafiti atakinukuu, mwalimu atakifundisha, na baada ya muda jamii itaambiwa kwamba hiyo ndiyo imani ya mababu zake. Katika lugha ambazo kumbukumbu zake zilizoandikwa bado ni chache, tone moja la uongo huchafua mtungi mzima. Kisasili kipya na kibebe jina la aliyekitunga. Kisa cha mkoko kilichotolewa hapo juu kimetungwa kwa ajili ya mhadhara huu. Hakuna mzee aliyekisimulia, na hilo halikipunguzii chochote.

Hatari ya pili ni nzito zaidi. Mwaka 1905, huko Ngarambe, Kinjekitile Ngwale aliwapa watu maji na neno kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Neno hilo liliunganisha makabila ambayo hayakuwahi kupigana bega kwa bega. Kinjekitile alinyongwa mwaka huo huo, lakini vita viliendelea hadi 1907, na idadi ya waliokufa kwa risasi na kwa njaa iliyofuata hukadiriwa kufikia mamia ya maelfu. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake ya Kinjeketile ya 1969, alilitazama neno hilo kwa pande zote mbili: liliwapa watu umoja waliouhitaji, na liliwapeleka mbele ya bunduki. Neno lilikuwa limekwisha kumpita aliyelitamka, na hakuwa tena na uwezo wa kulirudisha.

Hapa tofauti ya viambishi viwili hurudi ikiwa na uzito mpya. Kinjekitile alitaka kusadikiwa, na aliposadikiwa watu walitoa miili yao kuwa dhamana. Mtunzi wa fasihi hana haki ya kudai dhamana hiyo. Kisasili chake kiseme na akili na moyo wa msomaji, kisha kimwache huru aende zake. Kinachosadikika humwalika mtu afikiri. Kinachodai kusadikiwa humtaka atii.

7.0 Hitimisho

Mhadhara huu umejaribu kuonesha kwamba kutunga kisasili kipya kwa Kiswahili kunawezekana, na kwamba kunahitaji mambo yanayoweza kufundishwa: swali linaloishi, alama inayoonekana, gharama iliyolipwa, majina yasiyo ya kuazima, na sarufi inayojua lini itembee kwa -ka- na lini itulie kwa hu-. Juu ya yote hayo kuna uaminifu wa kuliandika jina la mtunzi mahali panapostahili.

Idara za Kiswahili zina wajibu wa kuendelea kukusanya visasili vya jadi kabla wasimulizi wake hawajaondoka. Wajibu huo hautoshi peke yake. Wale waliovisimulia mara ya kwanza hawakuwa wakihifadhi, walikuwa wakijibu. Mwanafunzi anayetoka katika ukumbi huu aende ufukweni, shambani au sokoni, atafute kitu kimoja ambacho macho yake hayajawahi kukielewa, na akikaribie kwa swali. Iwapo kisa atakachokitunga kitaweza kusadikika leo, kusadikiwa kwake ni shauri la watakaozaliwa.